Shimo la Chokaa Nimelifunika

Mwanangu Anifa,

Umenuna tangu adhuhuri, na ukinuna unakuwa babu yako mtupu. Umetoka kwenda kuwaaga watu wa mtaa wa chini bila kuniaga mimi. Basi nimekaa barazani na daftari lako la zamani, lile lililobaki kurasa nyingi, niandike kabla hujarudi. Nikikungoja tusemezane utaniambia, "Basi mama, yameisha," kisha kesho alfajiri utapanda gari, na hayatakuwa yameisha.

Habari ya sweta, ya dawa na ya kutokula kitu usichokijua, shangazi yako amekueleza mara tatu na ataeleza ya nne. Ameniuliza pia kama huko Armenia watakuvisha msalaba. Nimemwambia mtoto anakwenda kushika mawe, na mawe hayambatizi mtu. Amecheka, lakini namjua, atauliza tena.

Mimi nina jambo moja tu. Leo kwenye dua yako ya safari, watu wamekaa mikekani, wali haujapakuliwa, mjomba wako Bakari alisimama akatoa maneno mazuri. Akakusifu. Akasema mtoto wa ukoo wa mafundi anakwenda kusomea utengenezaji wa nyumba ya watawa ya kale, nchi ya mbali, na sisi huku hatutabaki nyuma: msikiti wetu wa zamani utatengenezwa tena mwaka huu huu, yeye akiwa mestre, mkubwa wa mafundi, kwa chokaa ya shimo lililo nyuma ya nyumba yangu. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote, anacheka. "Dada, si iko tayari? Hebu sema watu wasikie."

Nikasema, "Bado."

Akadhani sikumsikia, akarudia. Nami nikarudia. Akachukua kofia yake na funguo za gari lililokuwa likupeleke mjini Pemba, kwenye ndege, akatoka hajatia tonge mdomoni. Watu wakaangalia sahani tupu. Ndipo wewe uliponiinamia sikioni ukasema, "Mama, hata leo?"

Hilo ndilo ninalolijibu. Sitaki uende nchi za watu ukiamini kwamba mama yako ni mwanamke mwenye husuda aliyeharibu mihrabu ya wazee, kisha akaharibu na dua ya mwanawe.

Nianze na shimo, maana wewe na shimo mmejuana kabla hujang'oka meno ya utoto. Babu yako alikuwa akichoma matumbawe juu ya magogo ya mikoko, siku mbili moto hauzimwi, kisha anayazima yale mawe kwa maji ya kisima. Ulikuwa ukipiga kelele kwa furaha ukiona maji yanachemka bila moto. Uji mzito mweupe uliopatikana akiulaza shimoni, anaufunika kwa makuti na mchanga, na unalala hapo mvua mbili. Ipite mvua moja, kiangazi, na mvua nyingine. Mtu akija na haraka zake, babu yako alikuwa akimwambia akajenge kwa udongo. Siku ya kufunua shimo alitia kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo, akakitoa, akakisugua na gumba. Ikishika kidole kama samli, imeiva. Ikikwaruza, ndani yake kuna punje ambazo hazijafa, na punje hizo huja kufia ukutani, zikavimba na kutupa lipu chini. Ukamwomba na wewe utie chako. Alikutilia, akakuosha haraka na kukupaka mafuta ya nazi, maana chokaa hula ngozi. Ukasema, "Babu, inakwaruza." Na kweli ilikuwa inakwaruza. Alicheka siku nzima.

Kazi ile niliirithi mimi kwa sababu mjomba wako hakuitaka. Yeye alikwenda mjini kujifunza saruji, akarudi na kofia ngumu ya kichwani. Sikuona wivu, Mungu ananiona. Jina la fundi likabaki kwake na shimo likabaki kwangu, kila mtu na lake.

Msikiti wenyewe uliukuta mzima, kwa hiyo sikuelezi sana. Hakuna anayejua umri wake. Mmoja atakwambia waliujenga Washirazi, mwingine atakwambia ni babu wa babu yake, na wote wawili wataapa. Kuta ni matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono wangu. Mihrabu ilikuwa na tao lililochongwa nakshi kama kamba iliyosokotwa, na kila upande tundu la kupachika bakuli la kichina. La kushoto lilikuwa limeng'olewa kabla babu yako hajazaliwa. La kulia lilikuwepo, la buluu na nyeupe, nawe ulikuwa ukilifanyia salamu kwa mkono mdogo kila ukimpelekea babu yako chakula.

Kisha vita ikaja, tukakimbilia kisiwa cha Rongui. Ulikuwa shuleni Pemba, haya hukuyaona. Mjomba wako alimbeba bibi yako mgongoni kutoka hapa mpaka pwani ya kule kwenye mikoko, saa nzima na zaidi, tope mpaka magotini, bibi analia aachwe afe nyumbani kwake. Hakumwacha. Nalisema mapema ili ujue ninamzungumzia mtu, simzungumzii shetani. Mtu aliyembeba mama yangu ndiye aliyenitupa mimi, na yote mawili ni kweli.

Tuliporudi tukakuta paa la msikiti limeanguka na mvua imeingia kwenye kuta. Ukaja mradi wa kuutengeneza. Bakari akafanywa mestre, mimi nikapewa chokaa na wanawake sita wa kubeba maji, baba yako akapewa ulinzi na ufunguo wa stoo. Nyumba nzima ikawa kazini. Tulifurahi, mwanangu, acha nisikufiche. Nilichoma matumbawe kwa mkono wangu, nikazima, nikalaza. Wiki tatu hazijaisha, mjomba wako akaja amebadilika rangi. Wageni wa mradi wanakuja kuufungua msikiti, siku imetajwa, lipu haijapigwa.

Nilitia kidole mbele yake. Ilikwaruza kama mchanga.

"Mdogo wangu, hii ni mbichi."

"Nitaitia simento kidogo ishike. Nani atajua?"

"Tumbawe litajua. Tumbawe linapumua, Bakari. Ukiliziba kwa saruji, maji yatakaa ndani."

"Dada, enjenyero atakuuliza wewe. Ukisema haiko tayari, mimi nimekwisha. Wataleta mtu wa Pemba." Akapiga magoti pale kwenye makuti, mtu mzima na kofia yake. Akalia. Akasema, "Nani alimbeba mama?"

Ungemjibu nini wewe? Kesho yake huyo enjenyero, injinia wa mradi, alikuja, kijana mpole, akasimama mbele ya mihrabu akaniuliza kwa adabu kama chokaa imeiva. Bakari yuko nyuma yake. Baba yako yuko mlangoni, na mifuko ya saruji iko stoo kwake, mwenyewe ndiye aliyeifungulia mlango usiku wa jana yake. Nikasema, "Tayari." Nililisema ndani ya msikiti. Hakuna aliyenishika koo. Kosa hilo ni langu, na sijawahi kumkabidhi mtu mwingine.

Mvua ya kwanza lipu ilivimba. Ya pili ikaanguka, na haikuanguka peke yake. Ilikuwa imeng'ang'ania uso wa jiwe, ikashuka na tao lote la kamba na bakuli lake. Nilikusanya vipande kwenye kanga. Bado ninavyo.

Wakaitisha kikao uani kwa msikiti. Nilikwenda nikijua Bakari atasema. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea, unaona ujinga wangu! Nilikuwa nimepanga kusema jamani, alikuwa na haraka, msimhukumu, ni wageni waliomsukuma. Akasimama, akashika ndevu zake, akasema kwa huzuni kubwa: "Enjenyero alimuuliza dada yangu, naye akajibu mbele ya watu iko tayari. Mimi ningempinga vipi? Shimo ni lake. Mkono wa baba yetu aliurithi yeye." Saruji hakuitaja hata kwa herufi moja. Na ubaya wake, kila neno alilolisema lilikuwa kweli.

Nikamtazama baba yako. Ufunguo ulikuwa bado shingoni mwake, kwenye uzi. Baba yako akatazama vidole vya miguu yake, akavitazama kama mtu anayevihesabu kama vimetimia kumi. Nilimngoja. Nilihesabu pumzi zangu nikimngoja. Mwishowe kikao kikafungwa kwa fatiha, watu wakanipisha njia kama anavyopishwa mwenye ugonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, lakini siku kinapokula kweli unajikuta unatafuta porini.

Tangu hapo sikuitwa kupiga lipu ya mtu. Kisimani walisema nilizima chokaa kwa maji ya bahari kwa uvivu wa kwenda kisimani. Wale wanawake sita walionibebea maji ya kisima kichwani waliyasikia, wakanyamaza. Bakari akaendelea kuwa mestre. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu tumemsifu hata baada ya kuonja.

Lakini hayo niliyameza. Ndugu ni ndugu, na mume anaogopa kupoteza kazi, nami najua njaa ina sura gani. Lililonikaa kooni ni wewe.

Ulikuja likizo. Hukula, hukuvua mkoba. Ukasimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, kwa nini ulisema iko tayari?" Hukuuliza kama nilisema. Hukuuliza nani alikuwa amesimama nyuma. Ulikuja na hukumu yako mkononi kama mtu aliyekuja na mchele wake. Anifa, wewe ulitia kidole kwenye chokaa ya babu yako hujafika kiunoni mwangu, ukajua mbichi na mbivu. Ulijua kidole changu hakiwezi kukosea kitu kile. Ungekaa dakika moja ukawaza, ungejua kwamba mama hakukosea, mama alidanganya, na ungetaka kujua nani alimdanganyisha. Hukuwaza. Nilikwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Nimekasirika na wewe tangu siku ile, na hukujua, kwa sababu nilikupikia vizuri.

Halafu ukapata bolsa yako, ufadhili wa masomo, ukaja na ile nyumba ya watawa kwenye simu. Jioni nyingi tulikaa hapa barazani ukinionyesha. Nilikuwa bado nina hasira, lakini picha zile zilinishinda. Ukanieleza kwamba jiwe lao linatoka kwenye milima iliyowahi kuwaka moto, lina rangi ya waridi na ya udongo, laini kuchonga likitoka ardhini, kisha hewa inalikaza. Nikakwambia kama tumbawe likitoka baharini. Ukashtuka, ukaandika. Ukanionyesha kuba lao lenye ncha, lina mikunjo kama mwavuli uliofungwa nusu. Ukanionyesha ukumbi ulio mbele ya kanisa, matao yanapishana hewani, na katikati ya paa wameacha tundu la mwanga, kwa hiyo jua linatembea sakafuni mchana kutwa. Na yale mawe yao ya msalaba, yamesimama nje yakiwa yamechongwa kama kitambaa cha kufuma, hakuna mawili yanayofanana. Nilikuambia fundi aliyechonga vile alikuwa akimcha Mungu, msalaba au si msalaba.

Ukaniambia haikujengwa mara moja. Kanisa dogo kwanza, kisha kizazi kingine kikaongeza ukumbi, kingine chumba cha vitabu, na waliotoa mali wakaandikwa ukutani kwenye jiwe. Kisha wavamizi, kisha ardhi ikatetemeka, watawa wakatawanyika, wachungaji wakalaza kondoo ndani. Hapo niliona kama unanisomea habari za pwani yetu kwa majina mengine.

Jambo lililonikaa zaidi ni ukuta. Ulinichorea. Nje safu ya mawe mazuri, ndani safu ya mawe mazuri, na katikati wamejaza vifusi na chokaa. Ukanionyesha upande uliopigwa na tetemeko: mawe mazuri yameanguka yote, na kile kifusi cha katikati kimesimama peke yake, kibaya, kimekonda, kinashikilia paa. Ukasema, "Mama, chokaa ndiyo ukuta, mawe ni nguo tu." Nililipenda neno hilo mpaka leo. Nilitaka kukuambia kila kitu jioni ile ile.

Kisha ukafungua picha nyingine. Ukaniambia miaka ya karibuni watu waliitengeneza ile nyumba kwa saruji, na saruji imeanza kulila jiwe, na ndiyo kazi mtakayofundishwa, kuitoa polepole. Ukacheka ukasema, "Kumbe hata kule alikuwepo mtu aliyesema iko tayari." Ulikuwa unanitania, najua. Utani wa nyumbani. Ila ulinichoma, mwanangu, nami nikasema usingizi umenishika na jua halijazama.

Basi sasa unajua. Kule ukifika, usimcheke aliyetia saruji. Labda alikuwa mjinga. Labda alikuwa dada wa mtu.

Nikupe na moja la kwako, lisilo la uchungu. Ulinionyesha mawe yenye alama ndogo, ndoano, duara, mguu wa ndege, ukasema kila fundi alitia alama yake kwenye jiwe lake. Sisi wa chokaa hatuna alama. Kazi yetu inafunikwa na kazi inayofuata, na mtu anayetaka kukusingizia hapati shida. Kwa hiyo alama yangu ilikuwa neno langu tu, na nililiweka juu ya jiwe la mtu mwingine. Wewe utaulizwa mambo mengi huko na watu wenye haraka kuliko mjomba wako. Tia kidole kwanza. Kama hukutia, sema sikutia.

Shimo la sasa nililijaza mwaka huu, baada ya mvua kubwa, kwa matumbawe niliyoyachoma na shangazi yako tu. Jana nilitia kidole. Inakwaruza. Kwa hiyo lile "bado" la leo lilikuwa kweli. Nisikudanganye tena: lilikuwa tamu pia. Niliuona uso wa Bakari unavyobadilika, nikahisi kama mtu aliyekunywa maji baada ya funga. Naomba Mungu anisamehe utamu huo, lakini neno lenyewe silirudishi.

Ulipotoka kwa hasira kuna mambo mawili hukuyaona. La kwanza, baba yako. Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, nikamkuta anaongeza makuti juu ya shimo na kuyakandamiza kwa mawe. Sikumuuliza. Sijui kama ndiyo alikuwa anazungumza hatimaye, au alikuwa anakimbia wageni tu. Miaka yote hii bado sijui kumsoma akiwa amenipa mgongo. Amekutafutia nafasi kwenye lori la jirani kesho, usimuulize chochote njiani, atakusindikiza mpaka barabarani.

La pili, imamu wetu alinifuata shimoni. Akaniuliza taratibu, "Dada, bado mpaka lini?" Nikamwambia mpaka mvua mbili. Akasema, "Na tutajuaje? Utatuambia wewe?" Hakuniuliza kwa ubaya, lakini sote wawili tulikuwa tumesimama na lile "tayari" langu katikati yetu. Nikamwambia hapana. Neno langu lilishatumika mara moja ndani ya msikiti ule, lisichukuliwe tena. Masomo ya Anifa ni miaka miwili. Tumngoje Anifa, yeye ndiye atakayefunua shimo mbele ya watu, atie kidole, aseme. Imamu akatazama makuti kidogo. Akasema msikiti umengoja zaidi ya hapo.

Sikukuomba ruhusa. Nisamehe kwa hilo, au usinisamehe, lakini rudi.

Ukirudi, Bakari atakuwepo, na wageni labda, na siku iliyotajwa. Nami nitakuwepo, nimezeeka zaidi, nina hamu ya kuona mihrabu imesimama kabla sijafa, na vipande vya bakuli bado vimo kwenye kanga. Tia kidole mpaka kwenye kifundo. Ikishika kama samli, sema tayari, wasikie mpaka kisimani. Na ikikwaruza, mwanangu, hata mimi nikikuomba, hata nikipiga magoti, hata nikilia nikakuuliza nani alikubeba mgongoni, sema bado.

Mama yako